Nakshi Iliyoliwa na Jua

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kulia amnyamazishe, maana hadithi hii nikishaishika sipendi kukatwa maneno. Tumeelewana? Haya.

Mwaka huo mvua iligoma. Sikusema ilichelewa, nimesema iligoma. Mawingu yalipita juu ya Bonde la Mivumo bila hata kusalimia, mto ukabaki mchanga mtupu, majani yakawa vijiti, na kila mnyama akawa na akiba yake ndogo, kaifukia shimoni na kuilalia.

Katikati ya bonde hilo palikuwa na bustani ya michezo iliyoitwa Rusharoho. Palikuwa na bembea za kamba za porini, na dimbwi ambalo Kiboko alikuwa akibeba watoto mgongoni na kuwazungusha mpaka watapike, nao wakishatapika wanaomba tena. Sasa dimbwi lilikuwa limekauka na Kiboko kahama, lakini Kasri lilikuwapo pale pale. Kasri, kusema kweli, lilikuwa kichuguu. Ila usilitaje hivyo mbele ya watu wa Rusharoho, utakula kibao. Lilikuwa refu kumpita twiga, jekundu, lenye minara saba, na kutoka mnara wa tatu ulishuka mtelezo uliolainishwa na matako ya vizazi na vizazi. Mchwa waliolijenga walishahama zamani. Kila mnyama wa bonde aliteleza pale utotoni, akachumbia pale ujanani, na uzeeni akakaa pale kulalamika kwamba Kasri la siku hizi si kama la zamani, na hali ni lile lile.

Mfagiaji wa Kasri alikuwa Bi Kanga. Kazi aliirithi kwa marehemu mama yake. Kila asubuhi alipita na mabawa yake akausawazisha mchanga kulizunguka Kasri lote, pasibaki hata alama ya unyayo. Vifaranga wake kumi na mmoja walianguliwa kivulini, nyuma ya mnara wa saba. Alilipenda Kasri kama mtu anavyompenda shangazi yake mkali. Ila alikuwa na kasoro moja, nayo ni sauti. Bi Kanga akisema "habari za asubuhi" watu waliziba masikio, na akisema "moto!" waliziba vile vile. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na desturi ya kumsikiliza.

Balaa lilianza pale Mfalme Simba aliposikia kwamba watu wa bonde la jirani wanasema Kasri lake limepauka, linafanana na jino bovu. Jino bovu! Simba hakula siku nzima kwa hasira. Jioni akaita baraza.

"Kasri langu litapambwa," akanguruma. "Sherehe ya Siku ya Kasri imebaki siku tisa. Nataka wale wa bonde la jirani wakija macho yawatoke. Semeni, lipambweje?"

Kuwauliza ndiko kulikokuwa kosa lake. Mzee Ngiri, mkuu wa wale waliojiita Usiguse, alisimama na mkia wake wima.

"Mfalme wetu, naomba radhi, lakini asiguse mtu! Nimeteleza pale mimi, kateleza baba yangu, na babu yangu aliteleza akavunjika jino pale pale. Ukiongeza hata ua moja, hilo si Kasri tena, ni kitanda cha biharusi."

"Wewe Mzee unaogopa kila kipya," akadakia Pundamilia, mkuu wa kundi la Tupambe. "Kasri linataka milia. Mmoja mweupe, mmoja mweusi, mpaka juu."

"Kwa nini milia?"

"Basi tu, imenijia."

"Madoa!" akasema Chui.

"Mimi naliona fupi," akasema Twiga. "Liongezwe shingo."

Wakabishana siku tatu. Majirani waliacha kusalimiana. Nyumbu mmoja alivunja uchumba kwa sababu mchumba wake alisema mnara wa nne ungependeza na kilemba, na wazee walipokwenda kusuluhisha, wao wenyewe wakagombana juu ya rangi ya kilemba. Hakuna aliyeitaja njaa tena.

Siku ya tatu Fisi akainuka. Fisi mnamjua: tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata.

"Wapenzi wa Kasri," akasema kwa unyenyekevu mwingi, "tunagombania nini? Rangi hupauka. Milia hufutika. Lakini boga lililoiva, jamani, lapauka? Asali yapauka? Mimi nasema tulipambe kwa chakula! Kila nyumba ilete akiba yake, tuibandike ukutani kwa mafuta, ing'ae, na sherehe ikiisha kila mtu abandue chake arudi nacho kwake. Usiguse watafurahi, maana Kasri lenyewe halikuguswa, limevishwa tu. Tupambe nao watafurahi, maana limepambwa. Na wale wa bonde la jirani watakufa kwa kijicho, wakiona kwamba katika njaa hii sisi tuna chakula cha kuchezea ukutani."

Hilo la mwisho ndilo lililompata Simba. Kifua kilimvimba.

"Cha kuchezea ukutani," akarudia taratibu, akiyaonja maneno. "Naam. Iwe hivyo. Nani atasimamia? Ila atakayesimamia sharti ale kiapo."

Fisi aliposikia "ale", masikio yalimsimama. "Nitakila mimi! Kiko wapi?"

"Kiapo, Bwana Fisi."

"Ah. Hicho." Akameza mate. "Hicho nacho nitakila." Akainua mguu wa mbele juu. "Mimi Fisi, nikila pambo la Kasri hata punje moja, ulimi wangu na ugande!"

Watu wakapiga makofi. Kuonyesha mfano, Fisi akatoa mfupa wake mwenyewe, paja la nyati lenye uboho tele, nao wakausimamisha juu kabisa ya mnara mrefu. Waliomwona Fisi akitoa mfupa kwa hiari yake walisema kumbe mtu hubadilika. Masikini, hawakujua kwamba wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Asubuhi yake Fisi alipita nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Kanga alimkuta kakalia kibuyu cha mtama. Mtama huo ndio uliokuwa uhai wa vifaranga mpaka mvua ije. Hapakuwa na kingine, na kila siku aliwagawia punje mbili mbili.

"Naona mtama hapo, bibie."

"Bwana Fisi, mimi nina watoto kumi na mmoja. Mchango wangu si kufagia? Nitafagia mara mbili kwa siku."

"Haya," akasema Fisi, kisha akapaza sauti majirani wasikie. "Mfagiaji wa Kasri mwenyewe, mtoto wa mfagiaji, ndiye wa kwanza kulinyima Kasri! Sawa. Salamu zako nitazifikisha kwa Mfalme."

Aibu ni kitu kibaya. Majirani walichungulia. Bi Kanga aliwatazama watoto, akalitazama Kasri, akamkumbuka mama yake, na kibuyu kikamtoka mikononi.

"Siku sita tu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Na nirudishiwe wote. Bila huo hawataiona mvua hawa."

"Hata punje haitapotea," akasema Fisi, tayari yuko njiani.

Kusema haki, lilipendeza. Maboga yalipangwa juu ya minara, nyama kavu ikaning'inizwa madirishani ikawa mapazia, karanga zikapanda ukutani kwa safu, asali ikapakwa mtelezo mzima. Na mlangoni, kulizunguka tao, mtama wa Bi Kanga ulibandikwa kwa mafuta punje kwa punje, ukawa mkufu wa dhahabu. Bi Kanga alilia. Hata Mzee Ngiri alidondosha chozi, kisha akasema ni vumbi.

Fisi akatoa sharti moja tu. "Adhuhuri, jua likiwa utosini, asisogee mtu hapa. Mafuta yanakuwa yanakauka. Mkipumua tu, yatapasuka." Watu wakatii, maana adhuhuri ya kiangazi nani hakulala kivulini?

Alasiri ya kwanza, maboga ya mnara wa pili hayakuonekana.

"Bwana Fisi, maboga yako wapi?" akauliza Twiga.

"Yameliwa na jua," akasema Fisi, huku anajifuta mdomo.

Jibu hilo, ukilitazama, halina kasoro. Kwani rangi hailiwi na jua? Nguo iliyoanikwa hailiwi na jua? Watu wakatikisa vichwa wakasema eh, jua la mwaka huu kali. Alasiri ya pili mapazia ya nyama yalikuwa yamekwenda, na hayo yaliliwa na upepo. Ya tatu asali ya mtelezo ikaisha, na hiyo ililiwa na mchwa.

"Si mchwa walihama?"

"Walirudi mara moja tu," akasema Fisi.

Na wapenzi wa Kasri, je? Waliuliza nani mwizi? Thubutu! Walibishana. Pundamilia alisimama mbele ya mnara mtupu, kainamisha shingo, kafumba jicho moja.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Hii ndiyo nakshi ya kisasa. Boga lisilokuwapo lina maana kuliko boga lililopo."

"Lina maana gani?" akauliza Chui.

"Ukiuliza, basi hujaelewa."

Mzee Ngiri naye alikuwa na furaha yake. "Mnaona? Kasri linayakataa mapambo! Linayatema lenyewe! Subirini, litarudi kuwa lile la zamani."

Kwa hiyo kila kundi lilidhani limeshinda, na kila kundi lilimpongeza Fisi. Naye alinenepa siku hadi siku, watu wakadhani ni cheo.

Bi Kanga peke yake hakudhani hivyo. Mchanga alikuwa akiufagia yeye. Kila asubuhi aliuacha safi, na kila alasiri aliukuta na nyayo za mnyama mmoja, miguu minne, ya nyuma mifupi. Zilikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, na ukutani palikuwa na michirizi mirefu, mibichi, kutoka chini kwenda juu. Siku ya nne michirizi ilifika mlangoni. Mkufu wa mtama haukuwapo.

Alirudi kwa watoto. Siku zote walikuwa wakimpigia kelele za njaa. Siku hiyo walikaa tu wamefumba macho, na hilo lilimtisha kuliko kelele zote. Akatoka mbio mpaka kwa Simba.

"Mfalme! Mapambo yanalambwa! Nimeona ulimi ukutani!"

"Bi Kanga," akasema Simba, kayaziba masikio kwa manyoya yake mwenyewe, "kila siku wewe na kelele. Kasri langu lina minara saba. Halina ulimi."

"Ile ni michirizi ya kisanii," akaeleza Pundamilia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Utazoea."

Bi Kanga akatoka pale analia waziwazi. Njiani alimkuta Sungura kalala chali chini ya kichaka, anatafuna kijiti.

"Usiseme, dada Kanga. Ni Fisi."

"Umejuaje?"

"Mimi nilichanga karanga, sivyo? Basi nilichanga maganda matupu. Niliyabandika vizuri yakaonekana karanga. Juzi nimepishana na Fisi njiani, kanikodolea macho kwa chuki. Nikajiuliza, nimemkosea nini mzee huyu? Kumbe meno yamejaa maganda. Mtu hawezi kukuchukia kwa maganda kama hakuyatafuna."

"Na ukanyamaza! Watoto wangu wanakufa, wewe umenyamaza!"

Sungura akaketi. Kile kicheko cha siku zote kikamtoka usoni. "Nisamehe, dada. Sikujua kama ulitoa wote. Nilidhani kila mtu ana akili ya kutoa maganda." Akatema kijiti. "Sikiliza. Mjanja wa bonde hili ni mmoja, na si Fisi. Yeye kala kiapo kwamba ulimi wake ugande. Tunachotaka ni kitu cha kuugandisha."

Bi Kanga akatazama huku na huko. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema: "Ulimbo."

Ndege yeyote akilisikia neno hilo manyoya humsimama. Ni utomvu wa mkuyu uliopikwa mpaka ukawa mzito, wategaji huupaka matawini, na ndege akitua tu, ndiyo basi tena. Mjomba wake Bi Kanga alitua siku moja, na habari zake ziliishia hapo.

"Unajua kuutengeneza?" akauliza Sungura.

"Mama alitufundisha wote. Alisema adui yako umjue mpaka harufu."

"Na utaugusa?"

"Nina watoto kumi na mmoja," akasema Bi Kanga. "Nitaugusa."

Aliugema utomvu kwa kijiti alichokishika mdomoni, akaupika juu ya jiwe lililowaka kwa jua. Sungura alikuwa pembeni akimtia moyo, maana kazi ya mikono haikuwa fani yake. Ulipoiva, Sungura akatoa asali kidogo aliyokuwa kaificha mahali asipopataja, akaitandaza juu.

Huku nyuma Fisi alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa mfupa wake mwenyewe, aliokuwa akiutunza wa mwisho. Kwa kuwa ukuta ulikuwa mtupu kabisa, akaomba Kasri lifunikwe kwa pazia la majani makavu ya migomba, ati wageni washtuke litakapofunguliwa. Alishapanga la kusema: kwamba nakshi imekamilika, na asiyeiona hajaelewa.

Asubuhi ya Siku ya Kasri, Sungura akamwendea na kibuyu.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi. Nimeleta vanishi ya mlangoni."

"Marahaba. Vanishi ya nini?"

"Ya kung'arisha. Mapishi ya kwetu: mafuta ya mkia wa kondoo, asali ya nyuki wadogo, na uboho kidogo." Mate ya Fisi yakadondoka mchangani. "Ila tafadhali, mzee wangu, asiilambe mtu. Ni ya ukuta."

"Nani alambe ukuta?" Fisi akacheka. "Sisi si wendawazimu."

Sungura akaupaka mlango wote, kwa kimo cha Fisi hasa, akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Adhuhuri sauti ya Fisi ilitoka nyuma ya pazia. "Vanishi inakauka! Asisogee mtu!" Pakawa kimya. Kisha pakasikika *nyap*. Kisha pakawa kimya zaidi.

Alasiri wageni wa bonde la jirani wakafika, mbele yao Nyati mmoja mzee aliyekuja na uso wa kutafuta kasoro. Ngoma zikalia. Simba, manyoya kayachana, akasimama mahali pa juu.

"Watu wa jirani," akasema, "mlisema jino bovu. Haya, tazameni! Fungueni!"

Pazia likaanguka. Kasri lilikuwa jekundu na tupu, kama lilivyokuwa tangu enzi za mababu. Na pale mlangoni alikuwapo Fisi, kasimama kwa miguu ya nyuma, kaukumbatia ukuta, na ulimi umevutika urefu wa mkono, umenata.

Watu wakanyoosha shingo.

"Sanamu," akanong'ona Pundamilia. "Jamani, sanamu la fisi!"

"Nilijua!" akapiga kelele Mzee Ngiri. "Nilijua lazima mtaongeza kitu! Tangu lini Kasri likawa na fisi mlangoni?"

"Tazama mkao wake lakini, Mzee. Tazama lile tumbo."

"Tumbo limezidi. Halilingani na minara."

"Tumbo ndilo lenye maana yake!"

"Nthaidieni," likasema sanamu.

"Linasema!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. "Fundi wake apewe zawadi!"

"Thi thanamu! Ni mimi! Fithi!"

"Matamshi ndiyo mabaya," akasema Mzee Ngiri. "Mafundi wa zamani wasingekubali."

"Mimi ningeuinua mkia," akasema yule Nyati mgeni, na papo hapo wageni nao wakagawanyika, wa mkia juu na wa mkia chini. Twiga alisema lingependeza likiwa na shingo. Nyumbu wawili wakashikana mashati wasiyokuwa nayo. Simba peke yake alikaa kanuna.

"Mimi naulizia jambo moja tu," akasema. "Kwa nini sanamu si langu?"

Hapo Bi Kanga akashindwa kuvumilia. Akaruka juu ya kichwa cha Fisi, akafungua mdomo, na ile sauti aliyoionea haya maisha yake yote ikalipasua bonde kutoka mlima hadi mlima.

"SI SANAMU! NI FISI! AMEKULA AKIBA ZENU, NA NYINYI MNAJADILI MKIA!"

Safari hii hakuna aliyewahi kuziba masikio. Ngoma zilinyamaza zenyewe.

"Njooni mtazame kidevu," akasema Bi Kanga.

Wakasogea. Kwenye ulimbo uliomtapakaa Fisi kidevuni palikuwa pamenasa mbegu ya boga, unyuzi wa nyama kavu, ganda la karanga, na punje nne za mtama. Kila mtu aliona cha kwake.

"Bwana Fisi," akasema Simba polepole, "hebu niambie tena. Mapambo yangu yameliwa na nani?"

"Na dhua," akasema Fisi.

"Jua gani hili lenye mkia? Na kiapo ulikula ukisemaje?"

Watu wote walikikumbuka kwa pamoja, ulimi na ugande, na kicheko kikaanza kutoka nyuma mpaka mbele. Nyati mgeni alicheka akakaa chini. Pundamilia alikuwa bado akiutazama ukuta mtupu. "Kwa hiyo maboga," akasema, "yaliliwa tu? Basi?"

Bi Kanga hakucheka. Punje nne hazilishi vifaranga kumi na mmoja. Akageuka kuwatazama watoto alikokuwa amewaacha kivulini, hawapo. Akatega sikio, asimsikie hata mmoja akilia. Akalizunguka Kasri mbio, huku anaita jina moja moja, mpaka nyuma ya mnara wa saba.

Walikuwa pale, wote. Vichwa chini, mikia juu, wamezama katika lundo la mtama. Hawakuitika kwa sababu midomo ilikuwa imejaa. Fisi, bwana, hali mtama. Alikuwa akilamba mafuta, na punje akizitema huko nyuma pamoja na mbegu za maboga, ndani ya shimo la zamani la mchwa ambamo mabawa ya Bi Kanga hayafiki kufagia, akiziona takataka. Wote ulikuwapo, ila umelowa mate.

Bi Kanga akakaa mchangani, akalia na kucheka kwa mpigo mmoja. Kifaranga mmoja akainua kichwa. "Mama, huu mtama unanuka."

"Kula, mwanangu," akasema. "Mate ya fisi hayajaua mtoto wa kanga."

Aliporudi mbele, Simba alikuwa kashaupanda mnara mrefu na kuuteremsha ule mfupa wa nyati.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu," akalia Fisi. "Nimeutundha wa mwitho!"

"Umeutunza vizuri," akasema Simba. Akaketi mbele yake, akaupasua kwa gego, akaunyonya uboho wote kwa utulivu mpaka tone la mwisho, na kila aliponyonya alisema "mmh". Machozi yakamtoka Fisi.

"Nibandueni bathi! Naumia!"

"Ulimbo una dawa moja ya haraka," akasema Bi Kanga. "Mafuta. Ukipakwa mafuta, unaachia mara moja."

"Bathi nipakeni mafuta!"

"Mafuta yako wapi?" akauliza Sungura.

Bonde zima likajibu kwa sauti moja, wenyeji kwa wageni: "Yameliwa na jua!"

Fisi alikaa pale siku tatu, na watu walitoka mbali kumtazama. Siku ya nne mvua ikaacha mgomo wake, ikanyesha usiku na mchana, ulimbo ukalegea, ulimi ukachomoka. Akakimbia bila kuaga. Zile mbegu za maboga zikaota nyuma ya Kasri, na mwaka ule kila nyumba ilipata boga lake na la kumpa jirani.

Mvua ilipokata, asubuhi moja Bi Kanga alikuwa anafagia, watoto wamenenepa wanateleza mtelezoni, mara akaja Mzee Ngiri. Akautazama mlango muda mrefu.

"Fisi yuko wapi?"

"Amekwenda, Mzee."

"Amekwenda! Mnaona sasa?" Mzee Ngiri akapaza sauti. "Kila cha zamani mnakiondoa! Kasri bila fisi ni Kasri gani?"

"Fisi asiyekuwapo," akasema Pundamilia akija upande wa pili, "ana maana kuliko fisi aliyepo."

Wakaanza upya. Bi Kanga akawapisha, akafagia mchanga chini ya miguu yao, kisha akawaita wanawe wakale. Nami nimefika mwisho, na mwenye kubisha akabishane na Ngiri, maana langu mimi ni moja: mla cha mwenziwe, na chake huliwa.